Kaa Mwenye Watoto Hapimwi

Wenzangu wa kazi, siku ya kustaafu mliniaga kwa buti mpya za mpira, nami nawashukuru. Miaka yote niliyokuwa nikitumbukia mitoni niliomba buti, na miaka yote jibu lilikuwa moja, kwamba zimo kwenye mpango wa mwaka ujao. Sasa ninazo, nyeusi, zinang'aa, na nazivaa kwenda kwenye shamba langu la muhogo hapa Logiri, mahali pasipo na mto hata wa kuoshea miguu. Mkaniomba pia niandike mambo ya kazi, kwa kuwa mlidai nimeondoka na vitu vingi kichwani. Vyeo sitavieleza. Havikuwa vingi, na vilivyokuja vilikuja na karatasi nyingi kuliko kaa. Nitaandika habari za kaa, na za kosa moja ambalo ni bora mlisikie kwangu mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa Koboko, ambao wanalijua vizuri.

Siku ya kwanza nilifika ofisini Arua nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimesomea wadudu, na kichwani mwangu kazi ya wadudu ilikuwa meza safi, darubini na koti jeupe. Nikakabidhiwa kwa Mzee Anguyo, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye alikuwa ameingia kila kijito cha wilaya ile kabla mimi sijazaliwa. Alinitazama miguu kabla hajanitazama uso.

"Viatu hii iko ya harusi," akasema. "Leo hapana harusi."

Akanipa ndoo. Ndani mlikuwa na utumbo wa mbuzi uliolala siku mbili. Tulipanda boda moja, dereva, Mzee, ndoo na mimi, tukaenda hadi kijito kimoja nyuma ya Dadamu, na nilipofika koti jeupe lilikuwa limeshanitoka kichwani. Viatu vilibaki kwenye tope siku hiyo hiyo. Kimoja tulikipata baada ya juma zima ndani ya mtego, na Mzee Anguyo akaniambia nikiandike kwenye daftari, safu ya dume.

Kwa wale mnaoanza leo, nieleze kwa nini watu wazima wenye vyeti wanashinda mtoni wakikamata kaa. Usubi ni inzi mdogo mweusi mwenye kibiongo. Anauma mchana, anapenda miguu, na akiuma mtu mmoja kisha mwingine anahamisha vijidudu vinavyoishi chini ya ngozi. Mtu anajikuna mpaka ngozi inakunjamana kabla ya umri wake, na baada ya miaka vijidudu vinafika machoni. Huko kwingine buu wa usubi hujishikiza kwenye mawe na majani penye maji ya kasi. Katika vijito vyetu vya kivulini yuko usubi mwenye akili zaidi. Buu wake hupanda juu ya kaa wa mtoni, akajigandisha kwenye gamba, akalishwa na maji yanayopita, akajifuma kifuko pale pale, na siku ikifika akatoka na kuruka. Kaa haumii. Anambeba tu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mto una usubi, kamata kaa umtazame.

Mtego wetu ni mgono wa matete, mdomo wa kuingia na si wa kutoka. Tulisukiwa na mzee mmoja wa Ayivu ambaye hakuwahi kuuliza tunafanyia nini, akidhani tunakula. Utumbo unafungwa kwa waya ndani kabisa. Mdomo wa mgono unaelekea maji yanakokwenda, kwa sababu harufu inashuka na maji na kaa anapanda kuifuata. Watu wengi wanaoanza hugeuza upande mwingine, wakakesha wakilisha samaki. Asubuhi unamshika kaa kwa nyuma, kidole gumba tumboni na vidole viwili mgongoni, pale magando hayafiki. Unaanza na vikonyo vya macho, unafuata shina la magando, miguu mmoja mmoja, kisha chini. Lenzi unaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ukimaliza unamtia alama ya rangi ya kucha mgongoni ili kesho usimhesabu tena, unamrudisha mahali pake. Rangi ya kucha nilinunua mwenyewe, nyekundu. Kwa muda mrefu kaa wa vijito vyetu walikuwa na urembo kunishinda mimi.

Sasa nifike kwa watoto, maana hapo ndipo pana kisa.

Kaa jike wa mitoni kwetu habwagi mayai majini. Anayabeba chini ya tumbo, kwenye kile kifuniko kipana alichokikunja, mayai makubwa ya rangi ya chungwa, machache, yamebanana. Yanaanguliwa humo humo. Na kinachotoka si buu wala kiwavi, ni kaa kamili, ana magando yake na miguu yake yote, mwili mzima kama punje ya mtama. Wanakaa pale wiki kadhaa wakimng'ang'ania mama. Wakubwa kidogo wanatoka, wanatembea juu ya jiwe, ukitikisa maji wanakimbia kurudi ndani kama wamesikia kengele. Mara ya kwanza kuwaona nilisahau daftari likaanguka majini.

Kwenye mafunzo niliwahi kulala chumba kimoja na dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa akisomea kaa wa mikokoni. Huyu alinieleza kwamba kwao, pale mlangoni mwa mto ambapo maji matamu yanakutana na ya chumvi, jike hubeba mayai maelfu kwa maelfu. Siku yakiwa tayari anashuka ukingoni, anangoja maji yaanze kupwa, anajitikisa, watoto wanachukuliwa na bahari, naye anarudi zake kula. Wale watoto hawana sura ya kaa kabisa. Ni kama vumbi lenye macho makubwa na pembe kichwani. Wanaelea baharini, wanajivua gamba mara nyingi, kila mara wanatoka na umbo jingine, na wachache wasioliwa hupanda na maji yanayojaa wakarudi mlangoni mwa mto, wakatafuta tope, ndipo wanakuwa kaa. Nami nikamsimulia wa kwetu.

"Kumbe kaa wenu wana malezi," akasema.

"Watafanyaje?" nikamwambia. "Kutoka Arua mpaka baharini unajua ni mbali kiasi gani?"

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini maneno yake nilirudi nayo nyumbani, na nadhani tangu hapo nikawa nawapenda zaidi ya inavyotakiwa kikazi.

Mzee Anguyo alikuwa na kanuni ambayo haikuandikwa popote. Kaa mwenye watoto hapimwi. Ukiinua jiwe ukamkuta na watoto, unamrudisha hapo hapo, jiwe lake juu, humwingizi kwenye ndoo, humwandiki. Alinipa sababu siku niliyoidharau. Nilikuwa nimemtia jike mmoja kwenye ndoo na wenzake. Tulipofika chini ya kivuli kupima, watoto wote walikuwa wamemwachia, na wale wenzake walikuwa wanatafuna. Mzee hakunifokea. Alimtoa yule jike, akampeleka mwenyewe mtoni, na aliporudi alisema, "Huyu iko na kazi yake. Wewe na kazi yako ngojea."

Niliona haya kweli. Mwaka uliofuata nilijifungua mwanangu wa kwanza, nikarudi kazini maziwa yakinidondoka, na kanuni ile sikuihitaji tena kufundishwa. Mzee alipostaafu mimi ndiye niliyeifundisha kwa wengine. Nafikiri niliishika kwa ukali kuliko yeye. Kijana mmoja wa kazi nilimrudisha Arua kwa miguu kwa kumgeuza mama wa watoto chali. Wengine walinong'ona kwamba mimi, Mama Ezaru, nina dini yangu ya kaa.

Nilipopewa upande wa Koboko nilikuwa nimekomaa, na nilijiona hivyo. Huko kuna kijito kinachotoka vilimani karibu na mpaka wa Kongo, chenye miti minene kingoni. Jina lake ninaliacha, wenyewe wanalijua. Migono tuliiweka kwa mama mmoja Mkakwa aitwaye Jokudu, aliyekuwa na bustani ya maharage na mboga juu kidogo ya kijito. Wakati ule alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache na mkono mzuri wa kupika. Alitukaribisha kwa ugali wa muhogo na maharage ya kupondwa, akaniuliza swali moja tu.

"Hii dawa yako ya maji itamaliza ile nzi?"

Nikamwambia itamaliza.

Akanieleza kwa nini anauliza. Mama yake alipofuka kwa usubi wa kijito kile kile. Jokudu, mtoto wa pekee wa kike, aliachishwa shule akawa fimbo ya mama yake. Alimshika mkono kwenda msalani, kanisani, sokoni, kwenye kila msiba, miaka yote ya usichana wake, mpaka alipomzika. Hakusema hayo kwa kulalamika. Alisema akipepeta maharage.

"Mimi nilimupenda mama yangu sana," akasema. "Lakini mimi hapana nataka mutu nashika mimi mukono. Hata siku moja."

Basi tukaanza. Dawa ile inadondoshwa majini kwa kipimo, kutoka kwenye jerikeni lenye tundu dogo, unasimama na saa mkononi. Inaua buu wa usubi, kaa inamwacha. Watu hawakuamini. Mwanzoni walituita waua maji, na baba mmoja aliyetoka upande wa Kongo alikunywa kikombe kizima cha maji hayo mbele yetu kabla ya kuruhusu ng'ombe wake wanywe, ili kama ni kufa afe yeye kwanza. Hakufa, ng'ombe pia hawakufa, na baada ya hapo alikuwa akitubebea jerikeni. Wakati huo huo wagawaji wa kijiji walizunguka na vidonge vya kuua vijidudu mwilini na fimbo ya kupimia urefu, kila mtu asimame wima apate vidonge vya kimo chake. Buu walipungua. Kwanza kaa wengi walikuwa nao, kisha wachache, kisha tukawa tunarudi na daftari lenye sifuri kutoka juu hadi chini. Watu tuliowaweka darajani na miguu wazi, wangoje usubi na kuwakamata kwa kichupa, nao hawakuumwa. Nilifurahi kuliko siku ya ndoa yangu, na mume wangu anajua, nilimwambia.

Nikaandika kwamba kijito ni safi. Sahihi yangu iko chini, kubwa, nimeikunja mkia. Kijiji kilichinja mbuzi, dawa ya maji ikasimama, na baada ya muda vidonge navyo vikasimama, kwa sababu mahali pasipo usubi havina kazi.

Jokudu alikuja ofisini Arua mwenyewe, kwa boda kutoka Koboko, na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi. Ndani ya chupa mlikuwa na usubi wanne wamekufa.

"Hii nashika kwa muguu yangu," akasema. "Kule kwa bustani."

Nilimpa kiti, nikamletea chai. Nikawatazama kwa lenzi. Walikuwa usubi kweli. Na hapa, wenzangu, nawaomba msome taratibu. Sikumwita mwongo. Nilimweleza kwa upole mwingi, kama mtu anayemweleza bibi yake jinsi simu inavyofanya kazi, kwamba usubi huruka mbali, kwamba ng'ambo ya mpaka hawajatibu mito yao, kwamba upepo nao unasaidia. Yote hayo ni kweli. Nikamwambia kijito chetu tumepima kaa wote na ni safi.

"Wote?" akauliza.

"Wote," nikasema.

Alimaliza chai yake, akashukuru, akaacha chupa. Nikaiandikia kibandiko, nikaiweka kabatini. Siku hiyo nilikwenda nyumbani nikijisifu kwamba nina moyo wa kusikiliza watu. Nikikumbuka, natamani ardhi inimeze.

Ilipita misimu miwili ya mvua. Nilirudi kwa Jokudu si kwa ajili yake bali kwa ajili ya migono, maana tuliihitaji kwenye kijito kingine. Alinipokea vilevile, akaniwekea kigoda, akamimina chai. Nikaona anashika ukingo wa kikombe kwa kidole huku anamimina, ili ajue chai imefika wapi. Alipotaka kunipa sukari mkono wake ulipita kando ya kopo, ukarudi, ukalipapasa.

"Macho," nikasema.

"Hii ya kulia iko imekufa," akasema. "Hii ingine naona kama moshi iko mbele."

Nikaiweka chini ile chai. Alikuwa bado anatembea peke yake, ila njia ya bustanini alikuwa ameipanga mawe pembeni ili miguu yake iijue. Nilipoanza kusema maneno ya pole alinikatiza.

"Pole iweke. Twende mto."

Akatangulia. Hakunipeleka darajani, mahali tulipozoea kuweka migono na kuwakalisha wangoja usubi, pale gari linapofika na jua kidogo linaingia. Alinipeleka juu, nyuma ya bustani yake, mahali miti imefunga kabisa na lazima uiname. Tulikuwa hatuna chambo wala mgono uliotegwa. Nikaanza kuinua mawe kwa mikono. Kaa wa kwanza, dume, safi. Wa pili, mdogo, gamba bado laini, amejivua juzi tu, safi. Wa tatu, safi. Kila mmoja nilimwambia Jokudu kwa sauti, safi, safi, na kila nikisema nilijisikia nafuu, Mungu anisamehe.

Jiwe la nne lilikuwa na jike mkubwa, gamba jeusi la zamani lenye ukungu wa kijani. Nikamtazama chini, nikaona watoto. Nikarudisha jiwe polepole.

"Na huyo?" Jokudu akauliza. Alikuwa amesikia maji.

"Huyo ana watoto. Hatumpimi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kanuni. Nilimweleza vizuri, na habari za ndoo, na Mzee Anguyo. Alisikiliza mpaka mwisho huku amenigeuzia lile jicho lililobaki.

"Kwa hiyo siku ile nauliza wewe, wote, na wewe nasema wote," akasema, "hawa hapana iko ndani?"

Kuna mambo mtu anayajua miaka mingi bila kuyaweka pamoja. Nilijua kwamba kaa akijivua gamba, buu waliogandia wanaondoka na gamba kuukuu. Nilijua kwamba wadogo wanajivua mara kwa mara. Nilijua pia, kwa kuwa nilikuwa nimesoma na nimeona, kwamba jike mwenye mayai au watoto hajivui mpaka amalize kulea, kwa sababu angejivua na wanawe. Gamba lake ndilo linalokaa muda mrefu kuliko yote mtoni. Na mwenye watoto haingii mgononi, hana hamu ya utumbo, amejificha chini ya jiwe, ambako hata dawa hufika kidogo. Mambo haya yote yalikuwa ndani ya kichwa kimoja, na kichwa hicho hakikuwahi kuuliza usubi wa mwisho atakimbilia kwa nani.

Niliinua jiwe tena. Nilichota maji ya kijito kwenye beseni la Jokudu, la kuoshea mboga, nikamtia jike humo peke yake, taratibu, watoto wakiwa wameshika. Nikapiga magoti na lenzi. Vikonyo vya macho, hapana kitu. Magando, hapana. Kwenye shina la mguu wa nyuma, pale karibu kabisa na kifuniko cha watoto, walikuwepo buu wawili wamejibandika, wanatikisika na maji, na kando yao kifuko kimoja kitupu. Yule wa kifukoni alikuwa ameshatoka. Watoto wa kaa walikuwa wanapita juu yao kama wanapita juu ya nyumba ya jirani.

"Iko?" Jokudu akauliza.

"Wako," nikasema, nikaanza kulia. Sikulia kwa kujificha, nililia kama mtu aliyefiwa, miguu majini.

Hakunibembeleza, na sikustahili. Alingoja nimalize. Halafu akaniuliza kama buu wale wanaweza kutolewa bila watoto kudondoka. Nikamwambia nitajaribu. Nilitumia kibano, nikawatoa. Mtoto mmoja aliachia, akaelea kwenye beseni. Nikamchukua kwa ncha ya jani na kumweka kwenye kiganja cha Jokudu, sijui kwa nini, labda nilitaka kumpa kitu.

"Huyu natembea," akasema. Akashusha kiganja majini mwenyewe, karibu na jiwe, akangoja mpaka amehisi ameondoka.

Siku tatu tulipindua mawe, nikapima kaa akina mama tu. Sitaandika hesabu hapa, imo kwenye ripoti. Waliokutwa na buu walitosha. Barua ya kufuta ripoti yangu ya kwanza niliiandika kwa mkono, nikaipeleka kwa mkuu mwenyewe. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa barua. Akasema pengine tungeiita nyongeza. Nikamwambia nyongeza ni ya chumvi, hili ni kosa. Akanitazama sana, akaigonga muhuri. Vidonge vikarudi, jerikeni likarudi. Daktari wa macho alimpima Jokudu akatuambia kwamba kilichokwenda kimekwenda, ila kilichobaki kinaweza kubaki ikiwa hataendelea kuumwa. Kwa hiyo kazi ilikuwa hiyo, jicho moja lenye moshi libaki.

Mzee Anguyo alikuwa bado hai wakati huo, kwake Ayivu. Nilikwenda kumweleza kwa sababu sikutaka asikie njiani. Alinisikiliza akisugua magoti.

"Mimi nilihurumia kaa," akasema mwishoni. "Hiyo hapana kosa. Kosa iko ya kuacha kutazama."

Nimeigeuza kila upande sentensi ile na bado naiona ni sawa. Kwa hiyo ninyi mnaoendelea, msiache huruma, ila mtazame. Mama wa watoto apimwe hivi. Asiingie ndoo. Beseni pana, maji ya mto ule ule, mmoja mmoja, kivulini. Usifunue kifuniko kwa nguvu, mzungushie maji kwa kidole naye atalegeza mwenyewe. Anza na miguu ya nyuma. Ukichoka, mrudishe, usimalize kwa haraka. Jiwe lake ni lile lile, upande ule ule juu. Na mwandikeni, kwenye safu yake mwenyewe, nimeichora daftarini kwa rula.

Jambo la mwisho ni hili. Tulipotaka mtu wa kukaa juu ya kijito na miguu wazi kuwakamata usubi, Jokudu alijitaja. Nikakataa. Nilimwambia yeye ndiye asiyetakiwa kuumwa. Akasema yeye anamsikia usubi akitua kabla hajauma, kwa sababu ngozi yake imejifunza pale macho yalipoishia, na wale tuliowaweka darajani walikuwa wakitazama simu. Tukajaribu. Ni kweli. Mkono wake unashuka na kichupa kabla mimi sijaona kitu, na usubi yumo ndani hajagusa damu. Mwanzoni alikuwa akinipa vichupa vingi, baadaye kimoja kimoja. Kisha ukafika mwezi ambao hakunipa hata kimoja, na mwingine, na mwingine.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda na fomu mpya. Akina mama wote niliowapata walikuwa safi. Nilimkuta Jokudu ameketi mahali pake juu ya jiwe, gauni limepandishwa magotini, vichupa vitupu mapajani. Nikamwambia nataka aniruhusu niandike kwamba ni safi, nistaafu moyo ukiwa mweupe.

"Kaa mwenye watoto, umepima?"

"Nimepima."

"Wote?"

Nilirudisha kalamu mfukoni.

"Wote niliowapata," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nilimwona akitabasamu.

"Sasa unasema vizuri," akasema. "Hapana andika bado. Mimi niko."

Fomu hiyo imo kwenye droo ya juu ya ile meza mliyoirithi. Mahali pa sahihi ni patupu. Nimestaafu bila kuijaza na sioni aibu yoyote. Mmoja wenu ataitia sahihi siku moja, lakini asiitie akiwa Arua. Aende Koboko, apande mpaka nyuma ya bustani, amwulize Jokudu, na akiambiwa bado, basi ni bado.